Kigae Kilichonifundisha Kuwaandaa Wafanyakazi Wetu kwa Guangzhou

Kigae chenyewe bado ninacho. Ni cha sentimita 60 kwa 60, rangi ya maziwa yenye mishipa ya kijivu, na ni pale tu unapokiweka kando ya sampuli tuliyoikubali ndipo unapoona kwamba kimeelemea kidogo kwenye manjano. Kwa ajili ya tofauti hiyo ndogo, kampuni ambayo mimi ndiye niliyekuwa nikisimamia watumishi wake ilikaa miezi mitatu bila makontena mawili ya mzigo, ikampoteza mteja aliyekuwa akijenga hoteli, na nusura impoteze pia kijana ambaye nilimchagua mwenyewe, nikamfundisha, nikamsindikiza uwanja wa ndege nikiamini kwamba nimemwandaa vya kutosha.

Tulikuwa tumefungua ofisi ndogo ya ununuzi Guangzhou, kusini mwa Uchina, kwa sababu kununua vifaa vya ujenzi kupitia mawakala tukiwa Dar es Salaam kulikuwa kunatulia faida yote. Foshan, mji unaojulikana kwa vigae na samani, uko jirani kabisa na Guangzhou, hivyo mtu wetu angeweza kwenda viwandani asubuhi na kurudi jioni. Nilipewa wiki mbili za kumwandaa. Nikafanya nilivyoona wengine wakifanya, yaani nikakusanya orodha ya mambo ya kutenda na ya kuepuka. Kadi ya biashara hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili. Jina la ukoo hutangulia. Mtu hapewi zawadi ya saa ya ukutani, kwa kuwa maneno ya kutoa saa yanafanana kwa sauti na yale ya kumsindikiza mtu kwenye mauti yake. Namba nne inaepukwa kwa kuwa inasikika kama kifo, na nane inapendwa kwa sababu ya kufanana na neno la kutajirika. Vijiti vya kulia havisimikwi wima kwenye bakuli la wali, maana hivyo ndivyo udi unavyochomekwa mbele ya wafu. Kijana aliyashika yote, nikamtahini, naye hakukosea hata swali moja.

Alipofika kiwandani siku ya kukagua mzigo, orodha ile haikumfaa kitu. Alikuta vigae vimekwisha pangwa, akatoa sampuli yake mkobani, akalinganisha, akaona. Mbele ya meneja wa mauzo, msimamizi wa uzalishaji na wafanyakazi wapatao kumi, alikinyanyua kigae juu, akasema kwa sauti kwamba hicho sicho walichokubaliana na kwamba wamemdanganya. Meneja akacheka. Kijana akahesabu kwamba amedharauliwa, akazidi kupandisha sauti. Meneja akasema jambo hilo watalitafiti, kisha akamkaribisha chakula cha mchana, naye akakikataa. Jioni alinipigia simu kwa furaha: "Dada, nimewabana vizuri, wamekubali kurekebisha."

Hawakuwa wamekubali chochote. Kwa majuma matatu kila alipouliza alijibiwa kwa adabu kwamba mhusika amesafiri, kwamba bosi yumo kikaoni, kwamba wanaendelea kulitazama. Arubuni yetu, asilimia 30 ya thamani ya mzigo kama ilivyo desturi ya biashara ile, ilikuwa imekwisha lipwa, na asilimia 70 iliyobaki hatukuweza kuilipa kwa vigae tulivyovikataa. Kisha ikaingia Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, ambayo ndiyo mwaka mpya wa kalenda yao ya mwezi na huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Tanuri zikazimwa, wafanyakazi wakapanda treni kurudi vijijini kwao, na Foshan nzima ikanyamaza. Siku hizo zilinifundisha jambo ambalo sasa huliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa mafunzo: kiwanda hakifungwi kwa wiki ile ya sikukuu peke yake, kwa kuwa wafanyakazi huanza kuondoka mapema, baadhi hawarudi tena, na mzigo wa kwanza baada ya likizo mara nyingi hupita kwenye mikono migeni, kwa hiyo unahitaji kukaguliwa kuliko mwingine wowote.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa Kichina, mkalimani wa wafanyabiashara, ambaye alisoma Kiswahili chuo kikuu huko Beijing, mahali ambako lugha yetu imefundishwa tangu miaka ya 1960. Nilimweleza kisa chote kwa simu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni: "Dada, yule meneja hakucheka kwa dharau. Alicheka kwa kuona haya. Mlimuumbua mbele ya watu anaowaongoza, na hakuwa na mahali pa kuuweka uso wake." Akatuomba tusimwandikie tena meneja huyo. Kiwanda kilipofunguliwa alikwenda mwenyewe kunywa chai na mwenye kiwanda, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu akarudi na mapatano: nusu ya vigae vingechomwa upya, nusu tungevichukua kwa bei iliyopunguzwa, na hakuna mtu ambaye angeulizwa kosa lilikuwa la nani.

Sharti hilo la mwisho liliniudhi sana. Mimi nilitaka wakiri. Nililala nalo, na usiku huo nikamkumbuka bibi yangu wa Pangani, ambaye kama kuku wa jirani ameparua bustani yake hakwenda kugomba mlangoni, bali alimtuma mtu mwingine kwenda kuulizia kama jirani anayo miche ya mchicha ya kumgawia, kwa kuwa yake imepata ajali. Jirani alielewa, miche ikaja, kuku wakafungiwa, na salamu za asubuhi zikaendelea kama kawaida. Bibi angemwelewa mkalimani yule bila kufafanuliwa. Hiyo ni stara, na yule mama alikuwa amefanya kazi ya mshenga. Nilikuwa nimemfundisha kijana wangu vijiti na kadi kana kwamba anakwenda kwa viumbe wa sayari nyingine, wakati sehemu kubwa ya alichohitaji alikuwa amekwisha lelewa nayo nyumbani kwao, lakini aliiacha mlangoni kwa kudhani kwamba biashara ya kisasa haina nafasi nayo.

Tangu hapo mafunzo yangu huanzia nyumbani. Humuuliza mfanyakazi: ukiwa ukweni, baba mkwe akakosea hesabu mbele ya wageni, utafanyaje? Sijapata kukutana na mtu asiyejua jibu. Ndipo humwambia neno la Kichina ambalo hakuna aliyewahi kulisahau, kwa kuwa likiandikwa kwa alfabeti ya Kilatini huwa na herufi zilezile za mianzi yetu ya kujengea: mianzi, yaani uso, heshima ya mtu machoni pa watu. Mtu hupewa uso kwa kusifiwa mbele ya wakubwa wake, kwa kualikwa, kwa kusubiriwa. Huvuliwa uso kwa kusahihishwa hadharani, kwa kukatishwa maneno, kwa kukataliwa chakula alichokikaribisha mbele ya wengine.

Neno la pili ni guanxi, ambalo watu wengi hulitafsiri kuwa kujuana. Tafsiri hiyo inapotosha, kwa sababu kwetu kujuana kumekuwa na harufu ya upendeleo wa maofisini. Mfano ninaoutumia mimi ni daftari la michango ya harusi. Kila familia inayo kumbukumbu ya nani alichanga kiasi gani, na siku ya mwenzako ikifika unarudisha, si chini ya ulichopewa, wala hurudishi kesho yake asubuhi kama mtu anayelipa deni dukani. Mfanyakazi anayeelewa daftari hilo ataelewa kwa nini mwenye kiwanda aliyemsaidia kupata nafasi melini mwezi Juni anampigia simu mwezi Septemba kumwomba ampokee mpwa wake anayekuja kutembea Dar es Salaam, na kwa nini kusema kwamba hilo halimo katika kazi zetu ni kufunga mlango.

Hata hivyo kufanana kuna hatari yake, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi darasani. Kwetu stara mara nyingi humaliza jambo, kwa maana ya kwamba mtu akisitiriwa mengine yanaachwa yapite. Kule stara huhamisha jambo kutoka barazani kwenda chumbani, na chumbani bei hujadiliwa mpaka senti ya mwisho. Niliwahi kumpeleka mama mmoja hodari, mtu wa upole, ambaye aliona ukarimu wa chakula cha jioni akadhani mazungumzo ya bei yatakuwa laini, na asubuhi yake akakutana na watu walewale waliomjazia sahani usiku wakiwa hawateremki hata nusu ya asilimia. Alijisikia amesalitiwa. Hakusalitiwa. Ukarimu ulikuwa wa kweli na bei ilikuwa ya kweli, na yeye alitakiwa kuwa na vyote viwili vilevile, tabasamu na msimamo.

Vivyo hivyo kwa lugha ya kukataa. Sisi tunazo "kesho", "tutaona" na "Mungu akipenda", kwa hiyo tungetarajia kuzitambua za wenzetu, lakini zinapokuja kwa tafsiri tunazichukua neno kwa neno. "Tutalitafiti" mara nyingi ni hapana. "Si rahisi sana" ni hapana iliyo wazi. "Hakuna tatizo", ikitamkwa upesi mno kabla hujamaliza kuuliza, maana yake ni kwamba hawajakusikia, au wamesikia na hawataki kukusikitisha. Lipo pia neno chabuduo, karibu sawa, ambalo kwa vigae, kwa milango na kwa mabomba ya maji limetugharimu kuliko neno jingine lolote. Kwa hiyo huwazoeza watu kuuliza kwa namna isiyomlazimisha mwenzao kukataa usoni. Usiulize, "Mtamaliza Ijumaa?" kwa kuwa jibu litakuwa ndiyo. Uliza, "Ikifika Ijumaa kutakuwa kumebaki nini?" Tunalifanya hilo kwa kuigiza, mmoja akiwa meneja wa kiwanda na mwingine mnunuzi, na hurudia mpaka swali la kwanza limekufa mdomoni.

Utaratibu wa kazi nao ulibadilika, kwa sababu adabu peke yake haikagui mzigo. Sasa sampuli huwa mbili, kila upande unaweka saini na tarehe nyuma ya kigae, kimoja kinabaki kiwandani na kimoja kwetu. Kiwango cha tofauti ya rangi tunachoweza kukivumilia kinaandikwa ndani ya mkataba. Ukaguzi hufanyika wakati vigae vya kwanza vinatoka tanurini, pale ambapo kurekebisha bado ni rahisi na hakuna mtu anayeumbuka, halafu tena kabla ya kupakia. Na mkataba wenyewe huangaliwa muhuri: muhuri mwekundu wa duara wa kampuni, wenye jina lake rasmi la Kichina, ndio unaoifunga kampuni, wakati jina la Kiingereza lililoko kwenye kadi linaweza kuwa la kupendezesha tu. Kasoro ikionekana, mtu wetu hupiga picha kimya, humwita meneja kando, na huanza kwa yaliyo mazuri. Kama mambo yamekaza, tunamtafuta mshenga mapema, kabla mtu yeyote hajasema neno ambalo hawezi kulirudisha.

Mezani ndipo Waislamu wetu wanapopata shida zaidi. Chakula cha heshima huwa kwenye meza ya duara, mgeni mkuu akiwekwa mahali panapotazama mlango, na hapo huletwa baijiu, pombe kali ya nafaka, na kila mtu humwinukia mgeni kwa zamu. Nimejifunza kwamba tatizo halitokani na kukataa, linatokana na kukataa katikati. Anayekunywa glasi ya kwanza kwa kuona haya kisha akaikataa ya pili anaonekana amemkataa mtu aliyeinuka wa pili. Anayesema tangu mwaliko kwamba dini yake hairuhusu pombe wala nyama ya nguruwe huheshimiwa, naye huinua kikombe cha chai, akikigonga ukingo wake chini kidogo ya glasi ya mkubwa, na mambo yakaenda. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi. Uchina ina Waislamu wake, na migahawa yao yenye maandishi ya qingzhen, yaani halali, hupatikana karibu kila mji. Guangzhou kuna msikiti ulio kando ya kaburi ambalo wenyeji husimulia kuwa la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume Muhammad, na Ijumaa utakutana humo na watu wa Afrika, Asia ya Kusini na Wachina katika safu moja. Mfanyakazi wetu mmoja aliniambia kwamba Ijumaa yake ya kwanza pale ndiyo siku aliyoacha kuhesabu siku zilizobaki.

Kuna maandalizi ambayo nilichelewa sana kuyaona, nayo ni ya wale wanaobaki. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano. Bosi wa Dar es Salaam anapofika ofisini saa mbili asubuhi na kupiga simu, kule ni saa saba mchana, wakati ambao watu wengi wamejilaza kwenye viti vyao kwa usingizi mfupi baada ya chakula. Anapokumbuka jambo la haraka saa kumi alasiri, kule ni saa tatu usiku. Upande wa pili, wenye viwanda hutuma ujumbe kwa WeChat, programu ya simu ya Kichina, usiku na hutarajia jibu usiku huohuo. Kijana wetu wa kwanza alikuwa anabanwa na mabosi wa pande mbili, na wa kwetu ndio waliokuwa wakimwandikia, "Wabane, usiwachekee." Maneno aliyoyasema kiwandani siku ile yalikuwa maneno yetu. Sasa wakuu wa idara hukaa darasani pamoja na anayeondoka, wakafanya nao maigizo yaleyale, na nimewaona wazee wenye uzoefu wa miaka 20 wakinyamaza walipogundua kwamba barua pepe zao za ukali zilikuwa zikitafsiriwa neno kwa neno.

Wazee hao huja pia na picha zao za zamani. Mjomba wangu alifanya kazi kwenye ujenzi wa TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na mpaka alipofariki kwake Mchina alikuwa ni fundi anayelala kambini na kubeba udongo pamoja na vibarua. Vijana wanaomjua Mchina kwa bidhaa za Kariakoo wana picha nyingine kabisa, ya mtu anayetaka kukuuzia kitu cha kuvunjika. Wote wawili watakutana Foshan na mfanyabiashara wa mwaka huu, mwenye watoto shuleni, mkopo benki na washindani mtaa wa pili, na hatalingana na picha yoyote.

Mambo ya maisha huyaeleza kwa ufupi, ila hayarukwi. Mgeni akihamia nyumba ya kupanga lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24, na asiyefanya hivyo anaweza kutozwa faini ya hadi yuani 2,000. Hotelini hufanyiwa na hoteli. Aliyeingia kwa viza ya kazi ana siku 30 za kuomba kibali cha kuishi. WhatsApp imefungwa kule, kwa hiyo mke, mume na wazazi huwekewa WeChat kwenye simu zao kabla ya safari, nasi hukaa nao mpaka wameizoea, kwa sababu mama aliyekaa siku nne bila kusikia sauti ya mwanawe hataelezwa habari za intaneti akaelewa. Na huwaambia watu ukweli kuhusu rangi yao. Watatazamwa, watapigwa picha bila kuombwa. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi Guangzhou walitolewa nyumbani na hotelini walikokuwa wakiishi, na mtu wetu alikuwa mmoja wao. Usiku huo nilikuwa naye kwenye simu mpaka alfajiri. Aliyempokea alikuwa mwenye duka la vigae, Mchina, ambaye alimfungulia ghala lake na kumletea godoro. Huyasimulia yote mawili pamoja, kwa kuwa yote mawili yalitokea.

Siku hizi hakuna anayehamia kule kabla ya kwenda kwanza kwenye Maonyesho ya Canton, maonyesho makubwa ya biashara ambayo hufanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka tangu 1957. Anakwenda kama mfuasi, akikaa nyuma ya mwenzake mzoefu, akibeba sampuli na kusikiliza, bila ruhusa ya kujadili bei. Jioni humuuliza nani alizungumza kwanza, nani alinyamaza na bado wote walimtazama, na ni lini "ndiyo" ilikuwa hapana.

Kijana wa kigae alikaa Guangzhou miaka sita. Alirudi kiwandani kwa mara ya kwanza akiwa na kahawa ya Kilimanjaro, akamkabidhi meneja mbele ya wafanyakazi walewale, akamshukuru kwa kumvumilia alipokuwa mgeni wa kazi. Wala hakutaja rangi. Mwaka jana meneja huyo, ambaye sasa ana kampuni yake, alikuja Dar es Salaam kutafuta wateja na akaomba kunisalimia. Kigae kilikuwa juu ya kabati, mahali ambapo huwaonyesha wanaoanza mafunzo. Niliposikia mlinzi akimkaribisha chini, nilikiteremsha, nikakifunika kwa kanga, nikakitia kwenye mtoto wa meza, kisha nikaenda kumpokea kwenye ngazi.